Chikungunya: Homa Yaondoka, Maumivu Yabaki

Yapo maradhi ambayo wagonjwa wake huhesabiwa siku ya kuugua tu, na baada ya hapo hawahesabiwi tena. Chikungunya ni mojawapo. Mtu hushikwa na homa kali kwa ghafula, viungo vikamuuma hata asiweze kushika kikombe, akaenda kituo cha afya, akapewa dawa ya kutuliza maumivu, na baada ya juma moja homa ikashuka. Hapo jina lake hufungwa kitabuni. Je, mtu huyo amepona? Suala hilo wataalamu wamekuwa wakilishindania kwa miongo mingi, na sisi wakaazi wa visiwa, pamoja na wale waliokabidhiwa dhamana ya afya yetu, linatugusa kuliko wengi wengine duniani.

Linatugusa kwanza kwa jina lake. Mnamo 1952 na 1953 maradhi mageni yalizuka katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Daktari Marion Robinson aliziandika dalili zake, W. H. R. Lumsden akaandika jinsi yalivyoenea, na taarifa zao zikachapishwa 1955, R. W. Ross naye akakitenga kirusi chenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa. Jina hawakulibuni wao. Walilichukua kwa wenyeji, nalo kwa Kimakonde lina maana ya kupinda au kujikunja, kama apindavyo mgonjwa asiyeweza kunyoosha mgongo. Katika taarifa hizo hizo za mwanzo ilikwisha kutajwa kwamba kwa baadhi ya watu maumivu ya viungo hayakuondoka pamoja na homa, bali yalikuwa yakirudi kwa miezi kadhaa. Neno hilo halikutiliwa maanani sana. Vitabu vya tiba viliendelea kuitaja chikungunya kuwa homa ya siku chache, isiyoua, ipitayo yenyewe.

Pengine hata Newala si mwanzo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini Unguja, aliandika mwaka 1872 katika jarida la matabibu wa Uingereza habari za maradhi yaliyouzunguka mji tangu Julai 1870 mpaka Januari 1871. Wenyeji waliyaita kidinga pepo, na wazee walikumbuka kwamba yalikwisha kupita mara moja, kiasi cha mwaka 1823. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba maradhi hayo ni dengi, na hata leo neno kidingapopo latumika kwa homa ya dengi. Ila mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey alizisoma upya habari hizo za kale akatoa hoja kwamba yaliyoukumba mji wa Unguja yalikuwa chikungunya. Hoja yake kubwa ilikuwa ile ile iliyopuuzwa, yaani viungo. Dengi huvunja mwili kwa siku zake kisha kwa kawaida humwachia mtu. Maradhi aliyoyaeleza Christie yalimwacha mtu akichechemea baada ya homa kwisha. Hapana damu iliyohifadhiwa tangu 1870, kwa hiyo shauri hili halitakatwa na maabara yoyote. Lakini si haba kwamba alama iliyotumika kuyatambua maradhi yaliyopita miaka mia nyuma ni maumivu yale yale ambayo vituo vya afya huona hayana haja ya kuandikwa.

Sasa tuje kwenye wakati wetu wenyewe. Mwaka 2004 ugonjwa huu ulizuka Lamu. Mvua zilikuwa haba, joto limezidi, na watu waliweka maji ya matumizi majumbani kwa muda mrefu bila ya kuyabadilisha, na humo mbu aina ya Aedes, aumaye mchana, akapata makao. Wachunguzi waliopima damu za watu 288 mwezi Oktoba walikuta asilimia 75 wana kingamwili za chikungunya, na kwa hesabu hiyo wakakadiria kwamba watu 13,500 kati ya 18,000 wa mji huo walikwisha kuambukizwa. Mwanzoni mwa 2005 ukavuka kwenda Ngazija, na huko uchunguzi wa namna ile ile ulionyesha asilimia 63. Zaidi ya nusu ya walioambukizwa Ngazija walikosa kazi au skuli, kwa wastani wa siku saba. Tunaomba msomaji aiangalie vyema hesabu hiyo ya mwisho. Ni hesabu ya siku saba, si ya miezi saba. Uchunguzi wa namna hiyo hupima damu na kuuliza juu ya homa iliyopita, kisha wachunguzi hufunga mizigo yao wakaondoka.

Kilichobadilisha mazungumzo ni kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa na kina hospitali na fedha ambazo Lamu na Ngazija hazina. Ugonjwa uliingia huko 2005, ukapoa wakati wa baridi, na wakuu wakatulia kwa kuwa vitabu vilisema si ugonjwa wa kutisha. Mwanzoni mwa 2006 ukalipuka. Katika juma moja la kilele walikadiriwa wagonjwa wapya zaidi ya 45,000, na hata ulipokwisha takriban watu 266,000, yaani mtu mmoja kati ya watatu, walikuwa wameugua. Waziri Mkuu wa Ufaransa wa wakati huo, Dominique de Villepin, alilazimika kwenda mwenyewe kisiwani mwezi Februari. Ilithibitika kwamba kirusi kilikuwa kimegeuka kidogo, badiliko la sehemu moja tu ya umbile lake, likakiwezesha kukaa vizuri zaidi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus. Ilithibitika pia kwamba ugonjwa ule wa kupita waweza kuua wazee na kudhuru watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye homa. Na homa zilipokwisha, watu wakaanza kurudi kwa madaktari wao wakiwa na mikono isiyokunjika.

Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipoanza, na si ubishi wa kipuuzi. Uchunguzi wa wagonjwa 88 wa hospitali huko Réunion ulikuta kwamba baada ya miezi 18 takriban asilimia 64 walikuwa bado wanaumwa viungo. Mwingine, wa wagonjwa 147, ulikuta asilimia 57 baada ya miezi 15. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1983, madaktari wa Afrika Kusini walikuwa wamewafuatia wagonjwa 107 kwa miaka kadhaa wakakuta karibu asilimia 88 wamepona kabisa, na ni wachache tu waliobaki na ukakamavu au maumivu. Je, ni asilimia 12 au ni 64? Afisa mwenye kupanga bajeti hawezi kufanya kazi kwa nambari mbili zilizoachana hivyo, na mwenye nia ya kutofanya lolote ataichagua iliyo ndogo.

Tofauti hiyo ina sababu zake. Wanaolazwa hospitali ndio waliougua zaidi, kwa hiyo ukiwauliza hao peke yao utapata jibu zito. Wenye umri wa zaidi ya miaka 45 hubaki na maumivu kuliko vijana, na waliokwisha kuwa na viungo vibovu kabla ya homa nao hubaki nayo zaidi. Juu ya hayo ipo pingamizi ambayo mtu mwadilifu hawezi kuikwepa: katika kila kisiwa duniani wapo watu wanaoumwa magoti na vifundo bila ya kuumwa na mbu yeyote. Ukimwuliza mtu wa miaka sitini kama anaumwa kiungo, atasema ndiyo, na ikiwa mwaka uliopita alipata chikungunya ataitupia lawama zote. Wenye kutia shaka walisema basi kirusi kinasingiziwa, na kwamba haya ni uzee, kazi nzito na hofu iliyoachwa na mripuko.

Pingamizi hiyo ilistahili jibu, na ilijibiwa kama inavyopasa, yaani kwa kulinganisha. Patrick Gérardin na wenzake waliwauliza zaidi ya watu elfu moja wa Réunion ambao damu zao zilikwisha kupimwa, wengine wakiwa na alama za chikungunya na wengine hawana kabisa. Baada ya kiasi cha miaka miwili, asilimia 43 ya waliopata kirusi walikuwa na maumivu ya viungo na misuli; kwa wale ambao hawakukipata ilikuwa asilimia 17. Maana yake ni kwamba wenye shaka walikuwa na haki kwa sehemu, kwani watu 17 katika mia wangeumwa hata kama mbu asingefika. Na wagonjwa nao walikuwa na haki kwa sehemu iliyo kubwa zaidi. Katika uchunguzi huo huo uchovu ulitajwa na asilimia 54 ya kundi la kwanza na 46 ya kundi la pili, tofauti iliyo ndogo. Kwa hiyo si kila udhaifu uliofuatia homa ni wa kirusi. Uchunguzi ulifanywa kwa simu, na kasoro za kuuliza kwa simu zinajulikana, lakini kwa maoni yetu suala la kama kirusi hiki huacha ugonjwa sugu wa viungo limekwisha. Lililobaki ni kwa watu wangapi, na kwa nini.

Na hilo la "kwa nini" ndilo lenye moto hadi leo. Mwaka 2010 watafiti wa Réunion waliripoti kwamba waliona masalio ya kirusi ndani ya nyama ya kiungo cha mgonjwa miezi 18 baada ya homa yake. Mgonjwa alikuwa mmoja. Mwaka huo huo majaribio juu ya kima yalionyesha kirusi kikijificha katika chembe za mwili kwa majuma na miezi. Ilionekana basi kwamba adui hajatoka nyumbani. Lakini mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 38 wa Colombia, ambao walivutwa maji ya viungo vilivyovimba miezi 22 hivi baada ya kuambukizwa. Kirusi hakikuonekana kwa hata mmoja. Wenye maoni haya wasema kwamba adui alikwisha kuondoka, na kinachoendelea ni askari wa mwili wenyewe wasiojua kwamba vita vimekwisha. Twaona kwamba taarifa hizi mbili hazikanushani kama inavyodhaniwa, maana maji ya kiungo si nyama ya kiungo, na mgonjwa mmoja hathibitishi jambo kama ambavyo wagonjwa 38 hawalifuti. Ila daktari aliyekaa na mgonjwa mbele yake hana nafasi ya kungoja.

Maana dawa hutegemea jibu. Ikiwa mwili unajipiga wenyewe, mgonjwa hupewa dawa za kuupoza, kama vile methotreksati itumikayo kwa baridi yabisi. Ikiwa kirusi kingali hai ndani, dawa hiyo hiyo yaweza kuwa sawa na kumfungulia mwizi mlango. Réunion walichagua. Kati ya wagonjwa 159 waliotibiwa huko na kufuatiwa mpaka 2012, wale 72 waliopewa methotreksati walipata nafuu kwa kiasi cha robo tatu, na maafa yaliyohofiwa hayakuonekana. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, na hiyo ni kasoro kubwa. Hata hivyo inatuonyesha madaktari waliowatazama wagonjwa wao kwa miaka sita badala ya juma moja.

Iko pia habari ya klorokwini, dawa ambayo sisi wa pwani tunaijua tangu utotoni, uchungu wake na mwasho wake. Afrika Kusini miaka ya themanini ilijaribiwa kwa wagonjwa kumi wenye maumivu sugu, ikaonekana inafaa, na 2006 hamu ya kuitumia Réunion ilikuwa kubwa mno. Kwa bahati njema walikuwapo watu waliosisitiza ijaribiwe kwa haki, nusu ya wagonjwa wapewe dawa na nusu wapewe kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa 2008. Katika siku za homa dawa haikusaidia kitu, na siku ya 200 waliopewa klorokwini ndio waliolalamikia viungo zaidi. Tunaitaja habari hii kwa sababu si mara moja tumeona dawa ikisifiwa barabarani na katika ofisi kabla ya kupimwa.

Chanjo nayo haijatutoa katika utata. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023 kwa kuonyesha kwamba inaleta kingamwili, si kwa kuonyesha kwamba inazuia maumivu ya miaka miwili. Réunion, iliyopatwa na mripuko mpya mkubwa mwaka 2025, iliitumia kwa wazee kwanza, kisha mwezi Aprili ikaisimamisha kwa wenye miaka 65 na zaidi kutokana na madhara makubwa yaliyoripotiwa. Mwezi Agosti mwaka huo Marekani ikasimamisha idhini yake. Haya hayakupaswa kumfanya mtu yeyote aichukie chanjo kwa jumla. Yanatukumbusha tu kwamba kinga ya karibu zaidi kwetu bado ni mtungi uliofunikwa.

Msomaji wa Jang'ombe au wa Wete atauliza, haya yote yananihusu nini mimi? Tumjibu kwa kumtajia mikono ya watu anaowajua. Mwanamke wa Paje au Jambiani anayefunga mwani kambani hukaa majini ameinama saa kadhaa, na kazi yake yote imo vidoleni. Mchambuzi wa karafuu wa Pemba vivyo hivyo, na msokota kamba za usumba, na mvuvi avutaye jarife, na mkwezi wa minazi ambaye akiwa na kifundo cha mguu kisichokunjika hana kazi tena. Watu hawa hawana likizo ya ugonjwa. Mwenye kazi ya afisini akibaki na vidole vikakamavu kwa mwaka mmoja, ataandika polepole na mshahara wake utakuja. Mama wa mwani akibaki navyo msimu mmoja, kamba zake zitachukuliwa na maji. Akienda kituoni huambiwa kwamba ni baridi yabisi, ni umri, avumilie. Huenda ni kweli. Lakini aliyemwambia hivyo hakuuliza kama mwaka jana alipata homa iliyompinda mgongo.

Wala asingeweza kujibiwa vizuri hata angeulizwa, kwa kuwa homa yenyewe haikupewa jina lake. Katika uchunguzi uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008, wagonjwa zaidi ya 800 waliolazwa kwa homa walipimwa kwa makini. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria na madaktari. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Na miongoni mwa waliopimwa chikungunya, asilimia 7.9 walikutwa nayo. Moshi si Unguja, tunakubali. Lakini katika visiwa vyetu malaria imeshushwa kwa juhudi kubwa, jambo la kujivunia, na kwa sababu hiyo hiyo homa isiyo malaria imekuwa nyingi zaidi kwa hesabu. Kipimo cha malaria kikionyesha kwamba hakuna, mgonjwa huandikiwa "homa" na kurudishwa nyumbani, kana kwamba homa ni jina la ugonjwa.

Tunalolitaka kwa Wizara ya Afya si hospitali mpya wala mashine ya mamilioni. Pemba tunayo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, huko Wawi, na itumiwe kwa sampuli za homa zisizoeleweka, walau kutoka vituo vichache vilivyochaguliwa, mwaka mzima na si wakati wa mripuko peke yake. Na kila aliyethibitika kuwa na chikungunya aitwe tena baada ya miezi mitatu, maana ndiyo mpaka unaotumiwa na madaktari wa Ufaransa kutenga ugonjwa wa kawaida na ugonjwa sugu. Aulizwe mambo machache: kiungo gani, asubuhi hukakamaa kwa muda gani, kazi ameirudia au la. Na jirani yake ambaye hakuugua aulizwe maswali yale yale, kwa sababu bila ya huyo jirani tutarudi kwenye ubishi wa 64 na 12.

Wakuu wa maji nao wana sehemu yao. Ilikuwa ukame uliojaza mitungi ya Lamu mbu, na ni shida ya maji ijazayo mapipa yetu. Sheha hawezi kumwamrisha mtu amwage maji ya pipa lake ikiwa hajui lini bomba litatoka tena. Kifuniko cha pipa ni kitu rahisi, na kuna majuma ambapo kitafaa kuliko gari la kupulizia dawa lipitalo jioni, wakati mbu huyu amekwisha kula.

Vituo viwili vyatosha kwa kuanzia, kimoja cha shamba Unguja na kimoja Pemba, na muuguzi mmoja katika kila kituo aliyepewa daftari, simu na nauli ya kumfuata asiyerudi. Asiyerudi ndiye wa kutafutwa kwanza, maana huenda amepona na yuko kazini, na huenda hawezi kutembea mpaka kituoni.